Meza za Madamu Gonga

Miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku chache. Ndio muda ambao mwalimu wetu wa Kifaransa amesimama mbele ya ubao wa shule hii, na Ijumaa, tarehe 29 Novemba, anastaafu. Niliombwa niandike wasifu mfupi na wa kuchangamsha. Nilikuwa nimeshaumaliza. Jumanne nikauchana.

Alifika hapa na kamusi moja na sketi mbili, kama anavyosimulia mwenyewe. Akaanzisha chama cha Kifaransa, akajaza vitenzi ukuta mzima wa chumba namba sita. Alipewa ualimu wa nidhamu mara mbili, na mara zote akaomba apumzishwe kwa sababu aliwaonea huruma watoro.

Wanafunzi walimbatiza Madamu Gonga. Darasani kwake kitenzi hugongwa mezani, silabi moja pigo moja. Finissons, mapigo matatu. Finissent, mawili tu, ingawa daftarini hukatwa mara tatu, fi-nis-sent, maana herufi za mwisho hazitamkwi. Watoto waliozoea kusoma kila kilichoandikwa hukosea hapo kila mwaka. Yeye hupita, huweka kiganja juu ya meza, humtazama mtoto mdomoni, na pigo la ziada halimpiti. Mimi, wa hesabu, chumba cha jirani, nimemwandikia mkuu wa shule barua tatu kuhusu kelele zile.

Jumanne king'ora cha moto kilijaribiwa. Tulitoka mbio wote, yeye hakutoka. Nilirudi nikamkuta ametulia, anasahihisha madaftari, king'ora kikilia juu ya kichwa chake. Aliponiona nahema, akaniuliza nani amefariki.

Kumbe hasikii. Sikio la kulia lilikufa miaka tisa iliyopita, la kushoto likafuata miaka minne baadaye. Aliyejua ni kitinda mimba wake peke yake. Ameniruhusu niyaandike haya. Aliogopa kutolewa darasani na kupelekwa kukaa stoo ya vitabu kabla hajawafikisha mwisho watoto aliowaanza. Amewafikisha, kwa macho na viganja. Mwaka jana, mtihani wa kuzungumza, hakuna aliyeanguka. Na mimi miaka yote hiyo nimemnunia, nikidhani ananidharau kila nilipomsalimia kwa nyuma akapita kimya. Naona aibu, na butwaa halijanitoka hadi sasa.

Mwalimu, asante kwa kila silabi. Nisamehe zile barua. Tunakuombea afya, siku tulivu na wajukuu wenye subira.

Wageni wetu, meza zote za ukumbini tumeziunganisha, moja hadi nyingine, mpaka ile aliyoketi yeye. Mkuu wa shule akimaliza kusoma haya, tafadhali msipige makofi. Mngojeni aweke viganja vyake mezani, kisha gongeni.