Wapiga Tarumbeta wa Mdomo Upande

RISALA YA KIKUNDI CHA TARUMBETA CHA MDOMO UPANDE, KIKWE, KWA MGENI RASMI, KATIKA SIKU YA AFYA YA KATA

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Mheshimiwa Diwani wetu. Mchungaji na Sheikh mnaogawana benchi moja. Wazee wetu, shikamooni. Wagonjwa wenzetu, na ninyi nyote ambao bado mnajiona wazima:

Sisi wana kikundi cha Mdomo Upande tunakukaribisha Kikwe kwa mikono miwili, ingawa kwa wengi wetu mkono unaonyanyuka ni mmoja. Risala hii inasomwa na katibu wetu, Bi Chiku Omary. Anasoma taratibu, na si kwa heshima peke yake. Kiharusi kilipita kwenye ulimi wake, na baadhi ya herufi hazijarudi nyumbani mpaka leo. Akikwambia "kalibu", amekukaribisha.

Kamati ya maandalizi ilituomba leo tusome tu, tusipige. Hatukukasirika. Kamati hiyo imeshawahi kutusikia.

KIKUNDI KILIVYOANZA

Mgeni rasmi, kikundi chetu hakikuletwa na mtaalamu wala mfadhili. Kilianzishwa na mzee mmoja mkaidi, ndiye huyu aliyekaa mbele, anayeikumbatia tarumbeta kama vile kuna mtu ana haja nayo. Ni Mwalimu Anaeli Akyoo. Alituruhusu tumseme kwa sharti moja, kwamba tusije tukasema alikuwa anapiga vibaya kabla hajaugua.

Hakuwa anapiga vibaya. Alikuwa kiongozi wa tarumbeta za usharika, na hapakuwa na harusi wala msiba ukanda huu wote ambao haukumtafuta. Alikuwa na mahindi yake, migomba yake, mke wake Magdalena, na majivuno yake. Mwanafunzi akivuta pumzi katikati ya mstari, Mwalimu alimtazama kama mtu aliyetema mate kanisani. Dawa za presha alipewa, akaziweka kabatini. Mama Magdalena alipomkumbusha, alimjibu kuwa vidonge ni vya watu wasio na pumzi.

Basi siku hiyo alikuwa anapiga kwenye harusi ya jirani, bibi harusi ndiyo kwanza anaingia. Katikati ya wimbo sauti ya tarumbeta ikapinda, ikashuka, ikaenda mahali ambapo wimbo ule haujawahi kwenda. Watu wakadhani Mwalimu kaja na mtindo mpya. Akina mama wakapiga vigelegele, kijana mmoja akapiga mluzi. Mwalimu alivyoanguka, wa kwanza kumfikia alikuwa mwanafunzi wake Gerson, na hata Gerson alikiri baadaye kwamba kwa nukta chache alidhani ni madoido. Hivyo, Mgeni rasmi, mwanzilishi wetu alipigwa na kiharusi akishangiliwa. Hatumjui mwingine mwenye sifa hiyo.

Aliporudi kutoka hospitali, upande wa kushoto ulikuwa umelala, mguu, mkono na shavu. Uji aliopewa ulipitia kona ya mdomo ukaishia kifuani. Vidole vya kubonyeza tarumbeta vilikuwa vizima, lakini midomo haikukutana. Mtaalamu wa mazoezi alimwagiza apulize, apulize chochote kile, kila siku. Mama Magdalena akampa kazi ya kupuliza moto jikoni. Mwalimu alipuliza, pumzi ikatokea pembeni, majivu yakamrudia usoni, na mama akacheka mpaka akakaa chini. Akamfuta, akamwambia ajaribu tena. Mwalimu anasema miezi ile, pamoja na aibu yote, ndiyo aliyocheka zaidi katika ndoa yao. Alikuwa hajui kama mke wake ni mchekeshaji. Miaka yote hakumpa nafasi ya kusema.

Masika yale Mama Magdalena alianza kukohoa. Alisema ni mafua. Alipokubali kupelekwa hospitali, kichomi kilikuwa kimekwisha fanya kazi yake. Aliyekuwa mgonjwa akabaki, aliyekuwa mzima akazikwa.

Walimzika nyumbani, pembeni ya migomba. Gerson alikuja na kundi lote la tarumbeta, akainama, akamuuliza Mwalimu kama angependa angalau aishike tarumbeta yake wakati wao wanapiga. Mwalimu akakataa kwa kichwa. Mtu aliyewapigia marehemu wa kijiji kizima alikaa kwenye kiti cha plastiki, mdomo wazi upande mmoja, akisikiliza wengine wakimpigia mke wake. Walipiga vizuri. Anasema hilo ndilo lililomuumiza, kwamba walipiga vizuri na yeye hakuwamo.

Baada ya hapo alijifungia. Tarumbeta ilitundikwa stoo juu ya magunia, na moto wa jikoni akauacha upulizwe na wengine. Mchungaji alimtembelea, akamwambia Mungu ana makusudi. Mwalimu alimjibu kwa adabu kwamba hana shaka, ila makusudi hayo angeomba aonyeshwe na yeye, maana yanamhusu.

Kilichomtoa nje ni kliniki ya presha, kwa sababu safari hii vidonge alivimeza. Huko kwenye benchi alikaa karibu na mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua Moshono kabla mkono haujagoma, ambaye ndiye katibu wetu huyu. Mdomo wa Mwalimu umeelekea kulia. Wa Bi Chiku umeelekea kushoto. Bi Chiku alimtazama bila haya, akamwambia:

"Mzee, mimi na wewe tukikaa pamoja, tunapata mdomo mmoja mzima."

Mwalimu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na mate yalimtoka, na hakuyafuta. Bi Chiku akamweleza kwamba naye ameambiwa apulize, amenunua maputo, wajukuu wanayachukua kabla hayajajaa. Alipojua mwenzake alikuwa mpiga tarumbeta, akataka afundishwe. Mwalimu alimwambia mdomo kama ule haufai kwa tarumbeta.

"Na wako unafaa?" Bi Chiku akauliza.

Mwalimu alirudi nyumbani, akaishusha tarumbeta kutoka juu ya magunia, akaipangusa vumbi. Sauti ya kwanza aliyoitoa ilimfanya jirani atoke kwenda kuangalia ng'ombe wake. Lakini ilikuwa sauti. Wiki iliyofuata Bi Chiku alikuja na shoga yake, na baadaye akaletwa Mzee Loishiye kutoka Oldonyo Sambu, mfugaji ambaye kiharusi kimemwachia maneno machache mno, mengi ya Kimaasai, ila ukimpa ngoma mkono wake unakumbuka kila kitu. Tukawa kikundi. Jina tulijipa wenyewe, kabla majirani hawajatupa la kwao.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio yetu hayatachukua muda wako.

Tunajua wimbo mmoja na nusu. Nusu hiyo imetuchukua muda mrefu kuliko ule mmoja.

Mwaka ulipotimia tangu Mama Magdalena azikwe, palifanyika ibada ya kuweka msalaba wa kudumu kaburini. Gerson alitoa ahadi ya kuleta kundi la usharika. Mwalimu akamshukuru, akasema tutapiga sisi. Ndugu walimsihi, wakamkumbusha kwamba watu watakuja kutoka mbali. Akasema ndiyo, na huyu ni mke wake.

Tulipiga. Mstari wa kwanza ulitoka ukiwa umechechemea, wa pili ukajikokota nyuma yake. Katika wa tatu Mwalimu aliishiwa pumzi, akashusha tarumbeta, mabega yakawa yanatikisika. Bi Chiku, katika kanga yake na ushungi wake, Mwislamu katikati ya Walutheri, akaendelea kwenye tarumbeta yake na noti moja peke yake aliyoimudu, akaishikilia. Mzee Loishiye hakuiacha ngoma. Tukawa tunakwenda hivyo, noti moja na ngoma, wimbo hauonekani ulipo. Ndipo watu wakaanza kuimba. Wengine wanasema waliguswa. Sisi tunaamini waliimba ili kutufunika. Kwa vyovyote vile waliimba wote, mpaka wale wa nyuma kwenye migomba, na Mwalimu akavuta pumzi, katikati ya mstari, akaingia tena.

Baada ya ibada Gerson alimsogelea. Hakusema tulipiga vizuri, maana ni kijana mkweli. Alimwambia, "Mwalimu, leo nimesikia ulichokuwa unatufundisha."

Tangu siku hiyo Mwalimu ana kazi. Akisikia mahali kuna mtu amepigwa na kiharusi na hatoki, anapanda bodaboda, fimbo mkono mmoja na tarumbeta mgongoni, anakwenda. Hatibu mtu. Tunalisema hili wazi mbele ya waganga waliopo, wasije wakatufungulia kesi. Anakaa tu pembeni ya kitanda, anapiga vibaya, halafu anasubiri.

Hivi karibuni alikwenda Moshono kwa dada mmoja, Anneth, mwalimu wa shule ya msingi. Anneth alipata kifafa cha mimba. Mtoto hakuishi, na mama mtu alipozinduka, upande wa kulia haukuzinduka naye. Alikuwa amegeukia ukuta wiki kwa wiki, hasemi na mtu, na mama yake alikuwa amechoka kusali. Mwalimu hakumpa pole ndefu. Alimwambia jina la mke wake, akamuuliza jina la mtoto, asijibiwe, akasema basi atampigia mtoto huyo wimbo hivyo hivyo bila jina. Akapiga. Alipofika pale pabaya, mstari wa tatu, Anneth akageuza kichwa.

"Babu," akasema. "Acha."

Mama yake alianza kulia mlangoni. Mwalimu, Mgeni rasmi, hakuacha. Alifurahi kiasi kwamba alirudia tangu mwanzo, na Anneth akalitamka lile neno tena, safari hii kwa hasira na kwa ufasaha zaidi. Kabla Mwalimu hajaondoka, aliambiwa hata jina la mtoto. Hatutalisoma hapa, lakini tunalo.

Anneth yupo nasi leo. Amepewa kayamba. Bado anashauri tuache.

CHANGAMOTO

Hatuna pa kufanyia mazoezi. Zahanati ilitupokea, ikaona presha za wagonjwa zinapanda, ikatuaga kwa upole. Shuleni watoto walitucheka, na sisi tukawacheka walivyokuwa wanatuigiza, masomo yakasimama. Sasa tunapigia shambani kwa Mwalimu, na mbwa wa jirani amehama.

Wenzetu wengine wametutangulia. Kila anapoondoka mmoja, wimbo unabaki na pengo, na tunajifunza upya nani apige wapi.

Changamoto kubwa ni milango. Watu wetu wanafichwa vyumba vya nyuma, kwa aibu au kwa upendo, na mara nyingi ni vyote viwili. Tunafika kwenye nyumba, tunaambiwa mgonjwa amelala. Tunajua hajalala. Sisi tulikuwa wale waliosemekana wamelala.

MAOMBI

Mgeni rasmi, vikundi vyote leo vimeomba mabati, viti na mashine. Tunawaunga mkono, na yakibaki mabati mawili matatu hatutayakimbia. Tunaomba pia yule mtaalamu wa mazoezi awe anashuka Kikwe mara kwa mara, kwa kuwa wengi hawawezi kupanda kumfuata.

Lakini ombi letu lenyewe ni dogo. Kabla hujapanda gari, msogelee Mwalimu Anaeli umtajie mtu mmoja unayemjua ambaye hatoki chumbani. Mtaje na mtaa. Yaliyobaki ni ya bodaboda.

Na kama mtu huyo yuko nyumbani kwako, Mgeni rasmi, hatutashangaa na hatutauliza. Tutakuja jioni, kwa mlango wa nyuma, na tutapiga kwa sauti ya chini, ingawa hiyo bado tunajifunza.

Mungu akulinde wewe na walio wako, walio sebuleni na walio vyumba vya ndani. Akupe pumzi ya kufika mwisho wa mstari, na ikikuishia katikati, akupe watu wa kuuimba.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Tarumbeta cha Mdomo Upande,
Kikwe, Meru.