Papa Liévin, Aliyemtoa Jogoo na Kuwaingiza Mapacha

Baada ya miaka ishirini na tisa mlangoni, Papa Liévin Tshibangu anastaafu tarehe 31 Julai 2025. Kwa wageni waliokuja leo kwa ajili ya soda tu: huyu ndiye mlinzi wa jengo la wasichana katika home yetu, maana hapa Lubumbashi makao ya wanafunzi tunayaita home. Mimi Christiane, katibu wa home, nimekaa naye ofisi moja miaka kumi na minne, na nimepewa ukurasa mmoja wa kumwelezea. Hautoshi, lakini nitajibana.

Alianza kazi mwaka 1996 akikabidhiwa filimbi, daftari na kanuni moja: mwanamume haingii jengo la wasichana. Wengine waliisoma kanuni hiyo. Papa Liévin aliioa. Bomba lilipopasuka, fundi alisimamishwa uani, akawa anamwelekeza Germaine, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kupitia dirishani: kaza, legeza, si hapo, kaza tena. Maji yalifika kwenye ngazi. Leo Germaine ni mhandisi wa maji, na Papa Liévin hudai kwamba ni yeye aliyemsomesha. Padri aliyekuja kubariki vyumba alinyunyiza maji ya baraka akiwa nje, na vyumba vya nyuma havikupata kitu. Hata jogoo wa Krismasi aliandikwa daftarini kama mgeni wa kiume, akatolewa saa kumi na mbili jioni pamoja na wageni wenzake.

Mwaka 2022 wakafika mapacha kutoka Likasi: Mbuyi, msichana, aliyetangulia kuzaliwa, na Kabanga, mdogo wake wa kiume kwa dakika kumi. Kabanga ana kifafa, na anayejua kumshika akianguka ni dada yake. Kanuni ikawaweka katika majengo mawili, uwanja mzima wa mpira katikati yao. Wiki ya tatu Kabanga alianguka. Mbuyi alikimbia hadi mlango wa wavulana, akazuiwa na mlinzi wa huko, ambaye kazi alifundishwa na Papa Liévin mwenyewe. Alizuiwa dakika ishirini. Kabanga alishonwa nyuzi saba kichwani, na baba yao akatuma ujumbe kwamba anakuja kuwachukua wote wawili, masomo basi.

Papa Liévin aliposikia, kesho yake alivaa koti la harusi yake, akaingia kwenye kikao cha kamati ya makao bila kualikwa. Kamati ilikuwa imelikalia kwa mwaka mzima pendekezo la ghorofa ya mchanganyiko, ambako mwanafunzi angechagua mwenyewe wa kuishi naye jirani, awe wa kiume, wa kike, au asiyependa kuulizwa. Wajumbe walipomwona walifurahi, wakidhani amekuja kulizika.

“Miye niko baba ya mapasa,” alisema, yaani mapacha, maana naye amewazaa wa kwake. “Kama munaachanisha bale batoto, mutafute mulinzi ingine.”

Akakaa. Wajumbe walitazamana, maana mlinzi wa namna ile hapatikani sokoni. Ghorofa ikafunguliwa kwa majaribio, msimamizi akiwa yeye, na baba wa mapacha akarudi Likasi peke yake.

Mwezi wa kwanza Papa Liévin aliweka kiti koridoni akingojea kashfa. Ilikuja: wavulana waliunguza bukari, ugali wetu, siku tatu mfululizo, wasichana wakagoma kuosha sufuria, ikabidi aitishe mkutano. Iliamuliwa kila mtu aoshe alichokiunguza. Vita kubwa kuliko hiyo haijatokea pale mpaka leo, na mwezi uliopita kamati iliipitisha ghorofa hiyo iwe ya kudumu.

Kabanga alianguka mara nne katika miaka hiyo mitatu. Papa Liévin, ambaye zamani alimwandikia kurasa mbili mgeni aliyechelewa kutoka, kila mara aliandika mstari mmoja: Kabanga ameanguka, Mbuyi yuko naye, wamekula. Juzi wote wawili walipata shahada zao. Nililia, na sioni haya kusema.

Papa Liévin, asante kwa kulinda, na asante zaidi kwa kufungua. Tunakuombea mahindi marefu huko shambani Lukafu na usingizi usio na filimbi. Mbuyi na Kabanga watakusindikiza, wakae siku mbili. Mama Delphine, mkeo, amepiga simu asubuhi hii: ameshawatandikia wote wawili chumba kimoja, na hana swali.