Miaka Thelathini na Mmoja Nje ya Shamba la Mama

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuuguza migomba, mhudumu wetu wa nyumba ya wavu, ile ya miche ya majaribio, anastaafu tarehe 30 Septemba. Wengi mnamjua kwa jina la Mzee Jiki, maana harufu ya dawa ile ya kuulia vijidudu humtangulia kantini, na ukikaa naye karibu hata chai yako hubadilika ladha.

Kuuguza nimesema kwa adabu. Kazi yake hasa ilikuwa kuiambukiza. Alichukua bakteria wa mnyauko, ugonjwa unaoua migomba, kwetu maabara, akaidunga miche kwa sindano, kisha akangoja kuona upi utakufa na upi utabisha. Karibu yote ilikufa. Aliing'oa, akaichoma, akapanda mingine bila kununa. Mche mmoja ulipobisha hadi ukazaa, alikuja mbio maabara na mkungu begani, akisahau kwamba ni yeye aliyetukataza kutoa hata jani nje ya nyumba ya wavu. Tulimcheka wiki nzima, naye akapiga deki korido yote kwa jiki. Leo miche iliyotokana na ule inagawiwa wakulima.

Sheria ya nyumba ya wavu mnaijua: anayefanya kazi mle haingii shamba la migomba, liwe lake au la mwenzake, asije akalipelekea ugonjwa. Wapo walioipinda. Yeye hakuipinda, na nyumba ya mama yake ilikuwa katikati ya migomba. Kila alipokwenda kumsalimu, mama alitoka na kigoda hadi barabarani, wakazungumza hapo huku magari yakiwatimulia vumbi. Mama aliwaambia wapita njia kwamba mwanawe ameoa migomba ya kazini, anaona haya kuonana na ya kwao.

Mwaka jana mama aliugua, akashindwa kufika barabarani. Mkurugenzi alimruhusu Mzee Jiki aende, mradi aoge na kubadili nguo. Lakini wiki ile alikuwa ametoka kudunga miche, na mashamba ya kijiji kizima yamegusana. Alifika barabarani, akasimama, akarudi. Mama alifariki akimuulizia. Siku ya mazishi, mama akizikwa ndani ya shamba lake, yeye alisimama palepale barabarani, na dada yake mkubwa akaapa hatasema naye tena. Tuliokwenda naye tulilia kwa hasira, na hadi leo sijui nilikuwa namkasirikia nani.

Miezi michache baadaye mnyauko ukaingia kijijini kwa panga la mchuuzi wa ndizi, lililokuwa limekata migomba yenye ugonjwa kwingine. Shamba la mama limekwisha lote. Habari zilipomfikia, Mzee Jiki aliniuliza tu kama nina uhakika ni panga. Nilipima, nikarudia kupima, nikamwambia hao si bakteria wetu. Akasema, "Haya," akaendelea kufagia.

Mzee Jiki, kituo kinakushukuru. Wako wakulima wanaovuna kwa sababu yako, na hawatakujua. Nina salamu moja zaidi. Juzi dada yako alinipigia simu, akaniomba niandike hapa, kwa kuwa kukuambia mwenyewe bado hawezi: "Mwambie njia ya kaburini nimeifyeka. Aingie tu, hakuna kilichobaki cha kuambukiza."

Nasi tunakutakia mwendo mwema, hadi kule ndani kwa mama.