Mama Tabea Mwalongo na Alama Zisizo na Majina

Tarehe 30 Juni 2004, Mama Tabea Mwalongo anakabidhi funguo za Kituo cha Habari za Wakulima, Makambako, baada ya kukitumikia kwa miaka thelathini na miwili. Alianza mwaka 1972 akiwa mpiga chapa. Anastaafu akiwa msimamizi wa chumba cha kompyuta, na hakuna mfanyakazi wa sasa aliyemtangulia kuingia katika jengo hili.

Wazee wa kazi wanamkumbuka akiifunika taipureta kwa blanketi kila jioni kwa sababu ya baridi. Watu walicheka, lakini taipureta yake ilidumu kuliko zote. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa mwaka 1999 aliifunika vilevile, ila safari hii ikiwa imewashwa. Ikapata joto, ikatoa harufu, ikazimika, na fundi akaitwa kutoka Iringa. Mama Tabea alilikunja blanketi akasema, "Basi, hii haisikii baridi."

Wakati ule biashara ya mazao ilikuwa imeshaachiwa huria. Wanunuzi walikuja na malori yao, kila mmoja na bei yake, na mkulima wa Kitandililo hakuwa na njia ya kujua bei ya Tunduma, mpakani. Kwa sababu hiyo kituo kilijiunga na jukwaa la majadiliano la barua pepe, ambamo watu wa mikoa ya kusini waliandikiana kuhusu bei, mbegu, magonjwa na barabara. Shida ni kwamba ujumbe ulikuja mwingi mno. Mmoja ulikuwa wa maana, na kumi zilizofuata zilikuwa ubishi wa mpira, matangazo ya mbolea na watu kutukanana. Hakuna mkulima ambaye angeacha shamba ili asome yote.

Mama Tabea ndiye aliyepata njia. Kila ujumbe aliuchapa na kuubana kwa kibanio kwenye waya uliopita ukutani. Aliyeusoma aliandika pembeni jina lake na alama, kuanzia moja kwa usiofaa hadi tano kwa unaofaa sana. Baada ya miezi kadhaa aliona ni nani na nani wanaopenda mambo yaleyale. Ujumbe mpya ukipewa tano na mmoja wao, aliuweka kwenye bahasha ya mwenzake, kwani kila msomaji alikuwa na yake. Ukipewa moja na wote wanaofanana nawe, hukuletewa. Uliingia kwenye katoni chini ya meza.

Hivyo ndivyo ilivyogundulika kuwa Mzee Lameki, mkulima wa viazi, na Hamisa, muuza kanga, walikuwa wakichaguliana vya kusoma bila kujuana. Walipokutana ukutani mzee alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akamsalimu kwa Kibena.

"Kamwene. Kumbe ni wewe unayenisomea bei za mpakani?"

"Na wewe ndiye uliyeniletea ule wa minyoo ya viazi, babu? Niliusoma wote nikingoja kanga zitajwe!"

Wageni walikuja kutoka Njombe kuuona ukuta huo. Tungependa kuishia hapo, lakini Mama Tabea mwenyewe ametuagiza tuandike na yaliyofuata, na Hamisa ameturuhusu kuyataja maneno yake.

Mwaka 2002 muuguzi mmoja aitwaye Marcelino, wa hospitali moja upande wa Mbeya, aliandika kwenye jukwaa kwamba hospitali yao imeanza kuwapa wajawazito wenye virusi vya Ukimwi dawa ya kumkinga mtoto wakati wa kuzaliwa. Alieleza siku ya kwenda na mlango wa kuingilia. Ujumbe ulitundikwa, na kina mama waliusoma. Mmoja baada ya mwingine wakaupa moja, wengine wakapita bila kuandika kitu. Kwa utaratibu uliokuwepo, ukaingia katonini.

Binti yake Mama Tabea, Prisila, alikuwa fundi cherehani hapa mjini, na alama zake zilifanana na za kina mama hao. Ujumbe ule haukumfikia, naye alikuwa mjamzito. Mtoto alizaliwa akaugua, hakutimiza mwaka. Prisila alimfuata wakati wa baridi.

Mama Tabea alirudi kazini baada ya matanga. Karatasi zilikuwa zimekwisha, akavuta katoni ili achape upande wa nyuma wa zile zilizokataliwa. Akaukuta ujumbe wa Marcelino na majina ya pembeni. Hamisa alipopita siku hiyo akamwita.

"Hapa uliweka moja. Ulisoma?"

"Niliusoma mara mbili, mama. Nikajifanya natafuta bei."

"Sasa moja ya nini?"

"Na jina langu liko palepale? Ningeweka tano, jioni hiyohiyo mji mzima ungesema Hamisa kakanyaga miwaya, ana virusi."

Mama Tabea aliulaza ujumbe ule mezani. Kisha akasema, "Nami nilisoma kichwa chake tu. Nikahesabu moja zenu, nikaamini."

Wiki hiyo aliung'oa waya ukutani. Alihamisha kila kitu kwenye stoo ya karatasi na kuweka komeo upande wa ndani. Kila msomaji alichota kwenye kikapu kadi moja yenye picha, mmoja taa, mwingine jembe, mwingine samaki, bila kumwonyesha mtu. Tangu hapo alama huwekwa kwa picha hiyo, na bahasha zina picha badala ya majina. Watu huingia mmojammoja. Hata Mama Tabea hajui nani ni nani, na hakuna anayeruhusiwa kumuuliza mwenzake. Mzee Lameki alipoona foleni mlangoni alisema, "Kama humo mnaungama, mimi dhambi zangu ni za viazi tu." Akaingia, akakaa muda mrefu kuliko wengine.

Ujumbe wa Marcelino ulirudishwa mahali pake. Safari hii ulipata tano kutoka kwa picha nyingi, na picha hizo zikaanza kuchaguliana mambo ambayo hayakuwahi kuonekana ukutani, kama namna ya kumtunza mgonjwa nyumbani, mahali pa kupima, na namna ya kuandika wosia. Baadaye Marcelino aliandika kwamba kuna kina mama waliofika kutoka Makambako. Hakutaja majina, nasi hatukuuliza.

Lakini si kila bahasha inafunguliwa. Ya samaki imejaa, haijaguswa tangu Pasaka. Tukisema huenda kahama, Mama Tabea huipangusa vumbi. Mtu mpya akiweka alama zinazofanana na za samaki, humpa ujumbe ambao samaki aliupa tano. Ametukataza kuiondoa bahasha hiyo, pamoja na nyingine tano zilizo kama hiyo.

Kamati ya sherehe ilipendekeza kwamba leo waliosaidiwa na stoo wasimame mbele, watoe ushuhuda na wapigwe picha naye, kama ilivyo desturi ya kuagana. Mama Tabea alikataa. Alisema, "Akisimama mmoja, waliobaki wamekaa watatazamwa." Kwa hiyo ushuhuda umeondolewa kwenye ratiba. Baada ya sala tutakula. Tunaomba kila mtu abaki kwenye kiti chake, na asimtazame jirani yake kwa kumpima.

Mama, asante kwa kazi, na kwa kutuambia ukweli uliokugharimu kuliko wote. Tunakuombea siku tulivu nyumbani kwako Kitandililo, afya, na moto usiozimika jikoni. Stoo tutaitunza kama ulivyoiacha. Leo tumetundika humo bahasha moja yenye jina lako, kwa yeyote mwenye neno la kukuambia. Kalamu ipo, na mlango unafungwa kwa ndani.

Safina Nasiri, kwa niaba ya wafanyakazi