Neno Lililomsimamisha Fundi Kilonzo

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Jericho na jamaa mliofunga safari kutoka Mbooni, familia imenituma mimi Mutinda, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya Phares Kilonzo Maingi, na kabla sijaanza niseme kwamba yeye mwenyewe aliagiza jambo moja lisomwe hapa, ndani ya kanisa hili, mbele ya macho yaliyomwona, maana tukilificha tutakuwa tumemzika pamoja na aibu yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 huko Mbooni, wilaya ya Machakos, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1945, ambapo baba yetu alifariki na masomo yakaishia hapo. Kiingereza hakikumfikia, na jambo hilo lilimkera maisha yake yote, kwa kuwa alikuwa na kichwa chepesi na alijua hivyo, na hata akiwa mtu mzima, makarani walipoongea Kizungu karibu naye, alitabasamu na kutikisa kichwa ili wadhani anafuata.

Aliingia Nairobi mwaka 1952 akawa msaidizi wa Mhindi mmoja fundi bomba, kisha tarehe 1 Julai 1959 akaajiriwa na idara ya maji ya jiji, na ninyi wa Jericho, Maringo na Makadara mmekunywa maji yaliyopita mikononi mwake. Ni kwa yule Mhindi alipoijua hempu. Kwetu Ukambani tukisema katani tunafikiria mkonge, ule wanaosokota akina mama kwa ajili ya viondo, lakini hii ilikuwa nyingine, laini, rangi ya nywele za mzungu mzee, ikija kutoka ng'ambo na jina lake limeandikwa kwenye karatasi. Mhindi alimweleza kwamba ni mmea unaopandwa shamba zima kama mahindi, ukisongamanishwa ili urefuke, ukakatwa, ukalowekwa majini mpaka gome lilegee, ukapondwa na kuchanwa, nyuzi zake zikawa kamba za meli, magunia na turubai, na mbegu zake zikalishwa ndege. Fundi bomba huzizungusha nyuzi hizo kwenye meno ya bomba kabla ya kukaza, zikilowa zinavimba, na maji hayapati pa kutokea. Mhindi alimwambia pia, huku akicheka, kwamba mmea huo na bangi ni ukoo mmoja, ila huu haulevyi mtu. Kaka yangu alilipenda neno hilo, hempu, akalitembeza mdomoni kama peremende, na sikuwahi kumsikia akiita kitu hicho katani.

Tarehe 14 Aprili 1956 alifunga ndoa na Rispa Ndindi, wakajaliwa watoto wanne, na kifungua mimba ni Wayua, aliyezaliwa 1957, ambaye ameketi pale mbele na mama yake.

Sasa nifike nilikotumwa. Jumapili tarehe 22 Agosti 1976 alikuja hapa mhubiri mgeni kutoka ng'ambo, na Mwalimu Kinyanjui akawa mkalimani wake. Mwisho wa mahubiri mgeni aliuliza kwa Kiingereza ni nani aliye na hempu nyumbani kwake, asimame. Kilonzo hakusikia mengine, alisikia hempu, neno lake, na kabla mwalimu hajafungua kinywa alikuwa amesimama wima, peke yake katika kanisa zima, akigeuka kushoto na kulia tumwone vizuri. Ndipo Mwalimu Kinyanjui akatafsiri: "Anauliza, nani anaficha bangi nyumbani?"

Mnakumbuka, maana wengi wenu mlipiga makofi. Mhubiri alishuka, akamwekea mikono, akina mama wakapiga vigelegele, na kaka yangu akalia, nanyi mkasema ni toba. Alilia kwa fedheha. Angesema nini? Kwamba alisimama ili aonekane msomi? Na akieleza kwamba Wazungu huita bangi pia hempu, na kwamba yake ni ukoo wa bangi ila si bangi, nani angemsikiliza hadi mwisho? Akanyamaza, akidhani yatapita, lakini sisi hatukuyaacha yapite, tulimfanya shuhuda, kila mkutano wa vijana akaitwa aeleze alivyokombolewa, naye akasimama akieleza, mwongo bila kupenda. Vijana wa mtaa wakamngojea pale kwenye kona: "Buda, hiyo mali ulikuwa ukitoa wapi?"

Haya yote aliyamudu. Lililomshinda ni la mwaka 1980, walipokuja watu wa Makadara kumposa Wayua, wakanywa chai, wakacheka nasi, kisha wakauliza habari zetu huku mtaani, na baada ya wiki mbili wakatuma neno kwamba hawachanganyi damu na nyumba ya bangi. Neno hilo lilimfikia Kilonzo peke yake. Alikuwa na kinywa cha kulifuta, nauli ya kwenda Makadara ni shilingi moja, naye hakwenda, aliona haya. Akamwambia binti yake kwamba labda kijana hakuwa na msimamo. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Mwezi wa Februari 1986 kifua kilianza kumsumbua, na tulisikia minong'ono yenu kwamba ule moshi wa zamani umemrudia. Juma la mwisho hospitalini alimwita Wayua akamweleza yote. Binti akasema, "Baba, miaka saba nimejitazama kwenye kioo nikitafuta kasoro yangu." Kaka yangu alijifunika shuka usoni. Wayua alitoka, akarudi jioni na uji, akamnywesha, lakini hakuniambia kama amemsamehe, nami sikumwuliza. Kaka yangu alifariki Alhamisi tarehe 17 Septemba 1987, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake wa idara ya maji waliobeba jeneza, majirani mliolala matangani nasi, na Mwalimu Kinyanjui, ambaye alitafsiri sawasawa na hana kosa.

Watu wa Mungu, Phares Kilonzo hakuvuta bangi hata siku moja. Alitaka tu tujue kwamba na yeye anasikia Kiingereza. Tumejua, kaka, ila tumechelewa. Lala sasa, upumzike kwa amani.