Mfuko Ulioopolewa Kwenye Ndoo

Mheshimiwa mwenyekiti wa bodi ya hospitali, mganga mfawidhi, wenzangu wa upasuaji na wa maabara, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mama Lebo, unayejifuta machozi kabla hata sijaanza kukusema: habari za mchana.

Nani anaikumbuka maabara ya zamani? Chumba kimoja, dirisha lisilofungika, redio yenye betri zilizofungwa kwa raba, na Mama Lebo huyu, fundi wetu anayestaafu leo, akiandika lebo kwa mwandiko wa kuonewa wivu. Jamani, nimeikumbuka mno.

Siku hizo, sisi wapasuaji tulikuwa na mtindo wetu. Tukitoa mfuko wa nyongo wenye mawe, mawe tunayaosha, tunayatia kwenye kichupa, tunampa mgonjwa akatambie majirani. Mfuko wenyewe unatupwa. Akaja Mama Lebo na makopo yake ya dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili vya kupimwa.

"Daktari, mfuko uko wapi?"

"Wa nini, mama? Ni mawe tu."

"Mawe umeyaona. Ukuta wa mfuko umeuona?"

Nilinuna, sitawaficha. Akanieleza taratibu kwamba wengi wenye mawe hawapati saratani maishani mwao; lakini wengi wanaopata saratani ya mfuko huo hukutwa na mawe, hasa makubwa, yaliyouchubua ukuta miaka nenda rudi. Nikaitikia kwa kichwa, nikaendelea na yangu.

Mwaka uliofuata akapasuliwa dada yangu, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Likatoka jiwe kubwa kama yai la njiwa! Tukashangilia, tukalipitisha mkono kwa mkono, na katika furaha ile mfuko ukaishia kwenye ndoo. Mama Lebo akavaa glavu, akauopoa, akaubandika lebo.

Siku ya nane akaniita, akazima redio. "Kaa, mwanangu." Saratani ilikuwa imeshaingia kwenye msuli wa ukuta. Dada akarudishwa kupasuliwa, kikakatwa na kipande cha ini, na mwaka huu ametimiza wa kumi na tisa tangu hapo.

Mama Lebo, miaka yote hiyo dada amekuuliza ni nani aliyeutupa mfuko wake, nawe ukamjibu, "Mambo ya kazini hayo." Umenistahi vya kutosha. Dada, uliyekaa hapo mbele, ni mimi. Ni mkono wangu huu. Nisamehe, dada yangu, kisha inuka umkumbatie huyu mama.

Ndugu zangu, kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu, asanteni sana.