Mlinzi Asiyeuliza Jina

Jana ndani ya basi, kiti cha mbele yangu alikaa mwalimu, na kando yake fundi kufuli mwenye kisanduku cha funguo magotini. Mwalimu alikuwa akijisifu. "Maneno ya siri siku hizi siyakariri. Kompyuta ya ofisi inanikumbukia yote. Nabonyeza tu, nimeshaingia kwenye alama za mitihani."

Fundi akacheka. "Dada, si ndiyo kuacha ufunguo mlangoni huko?"

"Haya kaka, wewe wako uko wapi?"

"Kichwani."

"Hujawahi kusahau?"

"Mwaka huu mara tatu tu."

Nikageukia dirishani nisije nikaonekana mmbea, ingawa umbea ndio niliokuwa nikiufanya.

"Basi afadhali mimi," mwalimu akasema. "Na ofisini tunakaa walimu watupu."

"Kwani hiyo kompyuta haihami?"

Mwalimu akamgeukia fundi. "Leo tumeletewa mpya. Ile ya zamani wamepewa darasa la saba wajifunzie. Na alama zao ndizo nilizojaza juzi."

"Maneno yako umeyafuta?"

"Kumbe yanafutwa?"

Wajukuu zangu ningewategea kitendawili hivi: nina mlinzi, kila anayeketi mbele yake humfungulia, wala hamuulizi jina. Mwalimu alikuwa ameshakitegua, maana basi liliposimama alishuka mbio, akavuka barabara kungoja la kurudi shuleni.

"Lakini sijakubali, kaka!" akapaza sauti kutoka ng'ambo. "Wewe endelea kusahau!"